Chakula Kinashuka Ngaani

Kabati, Jumatatu, 3 Septemba 1984

Daftari hili nimelishona kwa karatasi zilizoharibika mashinani. Mwalimu Muthama alitaka kuziwashia jiko la chai, nikamwambia heri nizijaze upuzi wangu. Akasema andika, Syokau, labda siku moja tutakuchapa. Mzee huyu kila akionacho anataka kukichapa.

Leo tumeanza toleo la pili la gazeti lake. Wacha nilieleze, maana nikija kuyasoma haya uzeeni hata mimi sitaamini. Mwaka wa sitini na sita, kabla hajawa mwalimu, Muthama alikuwa akifagia studio ya televisheni kule Nairobi. Kulikuwa na mchezo wa chombo kinachosafiri kati ya nyota, na watazamaji waliuziwa kijarida cha Kiingereza chenye hadithi hizo hizo kwa michoro, maneno ya watu yakiwa ndani ya viputo. Kanda zenyewe anasema zilifutwa ili warekodi mambo mengine. Vijarida akavificha kwenye sanduku la bati. Wenyewe aliwaandikia kuomba ruhusa, barua ikarudi, kampuni haipo tena. Sasa amestaafu, ana mashine ndogo ya kuchapa aliyoitoa kanisani, na ameamua kwamba watoto wa Ukambani wasiowahi kuiona televisheni watasoma hadithi za televisheni iliyokufa. Gazeti linaitwa Nyota za Jana.

Kazi yangu ni kuziba Kiingereza. Nakata vipande vya karatasi nyeupe kwa wembe, nabandika juu ya viputo, kisha naandika Kiswahili kwa kalamu ya nibu, herufi kubwa, kwa mkono. Asubuhi nzima mtu mwenye masikio ya popo amekuwa akisema kwa mwandiko wangu, "Nahodha, tumepotea njia." Mimi pia, ndugu yangu.

Jumanne, 4 Septemba

Jua.

Ijumaa, 7 Septemba

Karani wa chifu ameleta bunda jingine la karatasi za pinki. Hizo ni za matangazo ya mahindi ya msaada. Taipu yao ilivunjika mwezi wa nne na hakuna aliyekumbuka kuitengeneza, kwa hiyo matangazo naandika mimi na Muthama anayachapa. Ni kazi ya haraka: mahali, siku, saa, kila mtu aje na gunia lake.

Tangu mwezi huo karatasi ya pinki ikisema Alhamisi, mahindi ya njano hufika Alhamisi. Hata wasiojua kusoma wanaujua mwandiko wangu, maana K yangu hurusha mguu kama punda. Juzi mama mmoja nisiyemjua alinishika mkono sokoni, akaugeuza, akautazama kiganjani kisha akauachilia. Nilijisikia mtu mkubwa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 16 Septemba

Jana nilikwenda kwetu Ngaani kumwona mdogo wangu Nthenya. Ni mwendo wa saa tano kwa miguu, na njia nzima sikuona jani. Watu wameshaipa njaa hii jina, Nikwa Ngwete, nakufa nimeshika, yaani pesa unayo na cha kununua hakuna. Nthenya hata hiyo pesa hana. Mume wake alikwenda Mombasa miaka mitatu iliyopita na hajaandika, na ng'ombe wa mwisho alimuuzia Hared, yule mfanyabiashara wa mifugo, akiwa hawezi kusimama. Namaanisha ng'ombe, ingawa Nthenya naye hakuwa mbali.

Juu ya meko yake vimening'inia vibuyu vitatu vya mbegu, vyeusi kwa moshi: mahindi mafupi, kunde na ndengu. Ni mbegu za mama yetu, na za mama yake kabla yake. Nikamwambia apike kimoja tu, kile cha ndengu. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Mbegu si chakula. Mvua ikikuja, itanikuta na nini?"

Nikasema mvua haijaja misimu miwili, itamkuta kaburini. Nikasema aje Kabati akae kwangu. Akasema akitoka, nyumba itavunjwa na mbegu zitaliwa, na mtu asiye na mbegu si mkulima tena, ni mwombaji. Nikamwita kichwa ngumu. Akaniita mke wa mashine. Nikaondoka bila kunywa maji, na nusu ya njia nilikuwa nikiendelea kugombana naye peke yangu kwa sauti.

Namwogopea. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia, na badala yake nikamtukana.

Jumatatu, 17 Septemba

Miguu inauma. Nimeandika viputo kumi na vinne.

Alhamisi, 20 Septemba

Hadithi ya toleo hili ni ya sayari iliyokauka. Mito imekwisha, watu wake ni warefu, wembamba, macho makubwa. Muthama anasema mwaka wa sitini na sita watazamaji waliwacheka sana. Mimi siwezi kuwacheka, nimewaona Jumamosi.

Ukurasa wa tano ni mchoro mmoja tu, umejaa ukurasa mzima. Chombo cha Nahodha kiko juu ya kilima, tumbo limefunguka, magunia yanashuka, na watu chini wameinua mikono. Kwa Kiingereza, kiputo kiliwaambia watu wakusanyike mahali paitwapo Arkona. Muthama akasema Arkona hapajui mtu huku, tuweke jina la nyumbani ili wasomaji wasikie utamu. Akapendekeza Kilimanjaro. Nikasema hapana, nikaandika:

JUMAMOSI SAA SITA MCHANA. KUSANYIKENI KILIMANI NGAANI. CHAKULA KINASHUKA.

Hakuniuliza kwa nini Ngaani, na mimi sikumwambia. Mwaka wa sitini na moja, baada ya kiangazi, mafuriko yalikata barabara zote, na serikali ikaleta chakula kwa ndege. Njaa ile mpaka leo inaitwa yua ya ndeke, njaa ya ndege. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, Nthenya tisa. Kwetu magunia yaliangushwa pale kilimani, mengine yakapasuka, nasi tukaokota mahindi kwenye matope tukicheka kama wendawazimu. Sikumbuki siku nyingine ambayo mimi na yeye tulifurahi namna ile pamoja. Kwa hiyo nikaliweka jina. Ilikuwa zawadi kwake, ingawa hawezi kuisoma.

Jumatatu, 24 Septemba

Karatasi nyeupe zimekwisha na mwenye duka Kitui mjini anasema tungoje. Muthama alikuwa karibu kulia. Nikamwonyesha karatasi za pinki zilizobaki za chifu, nusu bunda, nikasema kurasa za katikati zichapwe kwa hizo, chifu hatazihesabu. Akafurahi, akasema magazeti ya zamani nayo yalikuwa na kurasa za rangi.

Mchoro wa ukurasa wa tano ulikuwa mrefu kuliko bamba la mashine. Nimekata kichwa chake, pale palipoandikwa jina la hadithi na namba ya sehemu. Mchoro wenyewe haukuguswa. Kazi safi.

Ijumaa, 28 Septemba

Toleo limetoka. Ni zuri. Hakuna anayenunua.

Jumatano, 3 Oktoba

Upepo na vumbi. Mchungaji amesema kanisani tufunge na kuomba. Kufunga tumeshafunga, sasa imebaki kuomba.

Ijumaa, 5 Oktoba

Hared amechukua magazeti yote yaliyobaki, ya kufungia sukari na ugoro dukani kwake. Alimpa Muthama kilo mbili za unga, na Muthama akanigawia moja. Mzee alikaa akiangalia mlango muda mrefu. Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nimemfanyia kazi miaka sita nikimwona kama mtoto mwenye mvi, na leo nimeona tu kwamba ana kitu anachokipenda na hakuna anayekitaka.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimefua. Nguo zimekauka kabla sijamaliza kuzianika.

Jumatatu, 15 Oktoba

Hared aliingia saa nne, akasimama mlangoni bila salamu. Si kawaida yake, huyu mtu husalimu hadi mbuzi. Aliweka mezani kipande cha pinki kilichokunjwakunjwa, kinanuka ugoro. Ulikuwa ukurasa wa tano.

"Hii karatasi ni yenu, ama?"

Muthama akasema ndiyo, ni Nahodha. Hared alikuwa akiniangalia mimi. Akasema jana Jumapili lori lake lilipita Ngaani kuchukua mbuzi, akakuta kilima kimejaa watu. Wamelala pale tangu Ijumaa. Wengine wametembea siku mbili kutoka huko chini. Wana magunia matupu na sufuria. Aliwauliza wanangoja nini, wakamwonyesha karatasi hii, wakamwambia ndege imechelewa.

"Niliwaambia hii ni picha ya hadithi, inatoka kwa duka yangu. Wakakataa. Wakasema hiyo ni mkono ya yule mama wa matangazo."

Kisha akasema mzee mmoja amefia pale juu, kwa jua, jina lake Ndululu.

Muthama akakaa chini. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeota, kwani watu hawajui kutofautisha hadithi na tangazo. Nikamgeukia kwa hasira ambayo haikuwa yake. Nikamwambia walitofautisha vizuri sana. Waliangalia karatasi, ni ya pinki. Waliangalia mwandiko, ni ule ule. Walitafuta jina la hadithi, halikuwepo. Mahali panatajwa, siku inatajwa, saa inatajwa. Hata ndege waliwahi kuiona, pale pale. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Akaikunjua karatasi, akaitazama. Na mimi sikumwambia kwamba kila kimoja cha hivyo nilivyovitaja ni mimi niliyekifanya. Anajua habari ya rangi na ya kichwa kilichokatwa. Lakini jina la Ngaani anadhani lilinijia tu.

Jumatano, 17 Oktoba, Ngaani

Nilikuja jana kwa lori la Hared. Sijalala vizuri, lakini nitaandika yote.

Kilimani walikuwa wamebaki watu kama ishirini, wale wasio na nguvu ya kurudi. Hared alishusha gunia la unga lake mwenyewe, akawaambia ni la kwenda nalo nyumbani, wasingoje tena. Wakagawana kwa vikombe. Hakuna aliyenitambua, kwani hawa ni wa mbali, wanajua mkono wangu, si uso.

Nthenya nilimkuta nyumbani, amekaa kwenye kigoda, meko baridi. Kabla hajasema lolote niliangalia juu. Vibuyu vilikuwa vinaning'inia vimegeuzwa, midomo chini, kama vyombo vilivyooshwa.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Ugoro wa mzee Ndululu ulifungwa kwa karatasi hiyo, Jumatano ya wiki iliyopita. Mzee akaiona ndege. Akaipeleka kwa Kisilu, mwenye kioski, amsomee. Kisilu akasoma, kisha akasema ana shaka, hii ndege haina mabawa. Wakabishana. Ndipo mtu akasema muiteni Nthenya, dada yake ndiye anaandika haya mambo.

"Mimi sijui kusoma, lakini mkono yako naijua. Si wewe ulikuwa unaniandikia barua za Mombasa? Wakaniuliza mbele ya watu, Nthenya, ni yeye? Nikasema ni yeye. Wakaniuliza, anaweza andika uongo? Nikasema dada yangu ana mdomo mbaya, lakini uongo hawezi andika."

Baada ya hapo nyumba nzima nzima zilianza kupika. Kupanda kilima kunataka nguvu, na kubeba gunia kushuka kunataka nguvu zaidi, na cha nini kubana mbegu kama Jumamosi chakula kinashuka na mbegu zitatoka humo humo? Mwaka wa sitini na moja ndivyo ilivyokuwa, walipanda yale yale ya ndege. Ndululu ndiye aliyewakumbusha. Nthenya alikuwa wa mwisho kupika. Alingoja mpaka Ijumaa asubuhi. Kisha akajiambia kwamba yeye ndiye aliyeapa, na akibana zake wenzake watasema hakuamini maneno yake mwenyewe. Akavishusha vibuyu, akachanganya vyote katika sufuria moja, akagawia na majirani waliokuwa hawana kitu.

Nyumba arobaini na moja, na hakuna hata moja yenye mbegu.

Nilimwambia. Nilimwambia jina la Ngaani nililiweka mimi kwa ajili yake, kwa sababu ya yale mahindi ya matopeni. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Badala yake akauliza kama yale magazeti yana pesa. Nikasema hayana. Akauliza, sasa yalikuwa ya nini? Nikasema ya kufurahisha watoto. Akatikisa kichwa, akaenda kuchota maji, na sikuwahi kumwona amezeeka hivyo.

Alhamisi, 18 Oktoba, Ngaani

Tumemzika Ndululu. Mjane wake, Mwaitu Kavata, kama tuwaitavyo mama zetu, hakulia. Alikaa kwenye gunia lile alilokuwa mumewe ameenda nalo kilimani.

Muthama alikuja kwa miguu kutoka Kabati. Mtu wa miaka sitini na mmoja. Sala ilipokwisha akaomba neno, akavua kofia, akasema gazeti ni lake, mashine ni yake, kosa ni lake peke yake, na kama wanataka kumpeleka kwa chifu atakwenda mwenyewe. Kijana mmoja akamtupia udongo, ukampata kifuani. Wanawake wakamwita muuaji. Hakujifuta. Kisilu ndiye aliyewazuia wasimguse.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nthenya aliniona nikiufunga.

Niliyemwita mtoto mwenye mvi alikuwa mtu mzima pale, na mimi sikuwa kitu. Tuliporudi pamoja nilimwuliza kwa nini amebeba yote. Akasema watu wa Ngaani watauhitaji mkono wangu tena, uso wake hawauhitaji.

Jumanne, 23 Oktoba

Muthama amefunga sanduku la bati na kuliweka juu ya kabati. Hatulitaji. Tunachapa kadi za harambee.

Jumapili, 28 Oktoba

Mawingu upande wa Makueni. Yakaondoka.

Jumatatu, 29 Oktoba

Mawingu.

Ijumaa, 2 Novemba

Imenyesha.

Nimeandika neno hilo kisha nikakaa. Ilianza saa nane mchana, matone makubwa yanayopiga vumbi mpaka linaruka, halafu ikafunguka. Kabati nzima ilitoka nje. Mchungaji alicheza barabarani na suti yake. Watu walikuwa wakicheka na kufungua midomo juu. Mimi niliingia ndani, nikakaa chini ya meza ya kazi na kulia, kwa sababu Ngaani pia inanyesha, na ardhi imelowa, na hakuna mtu hata mmoja mwenye punje ya kutia humo. Mvua ya Novemba haingoji. Ukichelewa wiki mbili umekosa msimu, na hawa hawana msimu mwingine ndani yao.

Jumamosi, 3 Novemba

Inanyesha.

Jumatatu, 5 Novemba

Karani wa chifu amekuja amelowa. Kuna mbegu za msaada, mahindi na kunde, lori litafika Ngaani Alhamisi saa tatu, chini ya kilima, maana barabara inaishia hapo. Ametoa karatasi za pinki.

Niliandika. Mara ya kwanza nilimwaga wino. Mara ya pili K yangu haikurusha mguu, nikaona nimeubadilisha mwandiko bila kujua, kama mwizi. Nikaitupa, nikaandika ya tatu kwa mkono wangu wenyewe.

Jumatano, 7 Novemba, Ngaani

Matangazo yalifika jana. Moja nimelikuta limetupwa njiani, kwenye dimbwi. Jingine Kisilu alikuwa amefungia chumvi.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikisoma kwa mdomo. Watu hunisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha wanarudi ndani. Kisilu aliniambia nimwambie huyo Nahodha wangu alete mbegu hadi nyumbani. Mama mmoja alisema hawezi kupanda kile kilima tena, hata kwa Yesu mwenyewe. Nikamwambia si juu, ni chini ya kilima. Akafunga mlango.

Nikamwomba Nthenya aseme. Wao ni watu wake, wanamjua.

"Nilisema mara moja. Watu wakapika mbegu. Sasa unataka niseme tena na mdomo gani?"

Lakini amesema kesho atakuja nami. Ikiwa ni uongo, anataka kuuona kwa macho yake.

Alhamisi, 8 Novemba, Ngaani

Lori lilifika saa tatu na nusu. Tulikuwa watu wawili.

Karani wa mbegu, kijana wa miwani, alitoa orodha ya nyumba arobaini na moja. Sheria yake ni kwamba kila mwenye nyumba achukue fungu lake na kutia sahihi au kidole. Akauliza wengine wako wapi. Nikasema wanakuja, na nilijua hawaji. Nthenya alikwenda mpaka nyumba za karibu akaita, akarudi peke yake. Saa tano mvua ikaanza upya. Dereva akasema mto ukijaa hawatavuka. Karani akasema basi, akirudi na magunia itaandikwa kwamba Ngaani hawazitaki, na zitapelekwa kwingine. Hakusema kwa ubaya, ndiyo kazi yake.

Nikamwomba orodha. Akauliza ya nini. Nikasema mimi ni mwandishi.

Alinitazama, akamtazama Nthenya, jinsi shingo yake ilivyokonda. Akasema anakwenda kukagua magurudumu. Lori lina magurudumu sita, na aliyakagua karibu saa nzima kwenye mvua.

Tuliingia chini ya turubai. Kazi niliyoifanya pale ndiyo kazi bora ya maisha yangu. Niliandika majina ya watu kwa mikono yao. Kisilu huandika akiegemea kushoto, nimeona vibandiko vya kioski chake. Wengine nimewaandikia barua na kuona jinsi wanavyoshika kalamu. Nilitetemesha, nilinyoosha, nilibonyeza mpaka karatasi ikatoboka. Kwa wasioandika, Nthenya alichovya vidole vyake kwenye wino, kimoja baada ya kingine, vyote kumi, kisha akaanza tena, na hakuna hata mara moja aliyoniangalia. Kwa miaka yote watu walinisifu kwa mwandiko mmoja usiodanganya. Leo nimeandika miandiko ishirini na minane, yote ya uongo, nami sikuona aibu.

Namba kumi na saba nilisimama. Ndululu. Orodha ni ya mwezi wa nane, hakuna aliyemfuta. Nikasema huyu siwezi. Nthenya akaongea mara ya kwanza tangu tuingie, akauliza Kavata atapanda kwa jina la nani. Mzee alipitia ngumbaru, darasa la watu wazima, mwaka wa themanini, akajua kuandika jina lake tu, na alijivunia sahihi yake, aliitia hadi kwenye risiti za kioski. Niliikumbuka. D kubwa katikati ya jina, mahali isipotakiwa. Niliiandika.

Karani alirudi, hakuisoma. Walishusha magunia wakaondoka.

Tulibeba kwa mafungu, nyumba moja moja. Watu walitia mikono kwenye mbegu na kuzinusa. Kisilu alikaa chini mlangoni pake akashika kichwa. Baadaye alichukua gunia kutoka mgongoni kwa Nthenya, akatusaidia kugawa mpaka jioni. Wengine walikuwa wameshashika jembe kabla hatujatoka uani.

Kwa Mwaitu Kavata nilikwenda mwisho, na nilikwenda peke yangu. Nilimpa fungu. Aliuliza limetoka wapi, nikasema kwa orodha, kwa jina la marehemu. Akasema watu wa serikali hawampi mtu bila sahihi, na mume wake yuko chini ya udongo. Nani alitia?

"Ni mimi, Mwaitu. Na ile karatasi ya kwanza, jina la Ngaani niliweka mimi. Mwalimu hakujua. Alinibebea tu."

Alikuwa akipitisha mbegu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akiondoa zilizovunjika. Hakuacha.

"Basi umemwandika mara mbili," akasema.

 Alifunga mbegu kwenye leso, akachukua jembe ukutani, akatoka nje. Nyuma ya nyumba ardhi ilikuwa nyekundu, imelowa vizuri, na tuta la kaburi la mzee likiwa pembeni, bado halijashuka. Nikamwuliza kama naweza kumchimbia mashimo, maana mgongo wake hauinami tena sawasawa. Hakugeuka.

"Hapana. Na usipitie hapa kwa shamba. Zunguka."

Nilizunguka.